Jumamosi Alikimbia, Jumapili Alirudi

Najua nimewatupa mkono, tangu Julai sijaandika hata mstari. Nilikuwa BTP, na mtu aliyeko BTP hana maisha. Mchana unafundisha, jioni unaandika andalio la somo, usiku unasahihisha madaftari kwa mwanga wa simu. Sasa nimerudi chuo, nimelala siku mbili mfululizo, nimekunywa chai ya kafteria mpaka nikakinai, akili imetulia. Kuna jambo nimerudi nalo kutoka Ntalikwa na linanisumbua. Leo nalitoa lote.

Kwa wasioijua Ntalikwa: ni kata ya Manispaa ya Tabora, lakini ukifika kule hilo neno manispaa unalisahau. Ni mashamba, miembe, vumbi la kiangazi na baiskeli zilizobeba mkaa. Kwetu ni huko. Niliomba BTP karibu na nyumbani kwa sababu za kiuchumi tu (bumu mnalijua wenyewe), nikakaa kwa babu. Michembe na karanga asubuhi, ugali jioni, kodi ya nyumba sifuri.

Basi bwana, wiki ya pili mkuu wa shule akaniita ofisini.

"Mwalimu," akasema (bado huwa nageuka nyuma kuona anaitwa nani), "wewe si mtu wa Historia? Tarehe 25 ni Siku ya Mashujaa. Utaongea na wanafunzi mstarini. Dakika kumi."

Nikatoka pale nimevimba kichwa. Dakika kumi kuhusu mashujaa, tena Tabora? Huo ni mteremko. Mtoto wa Tabora anakua na mashujaa kama anavyokua na maembe. Kambi ya jeshi inaitwa Mirambo. Na kama Mirambo hakutoshi, yupo Mtemi Isike wa Unyanyembe. Wajerumani walipotaka kuishika njia ya misafara, ile inayotoka pwani kupitia Tabora kwenda Ujiji, Isike aliwagomea. Januari 1893 askari wa Tom von Prince walipovunja boma lake, Isike akaona bora ailipue baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa mzima. Hebu niambieni, ni kiongozi gani ana mwisho wa kishujaa kupita huo? Nikaandika hotuba yangu usiku ule ule. Sentensi ya mwisho nilikuwa naipenda mno: "Shujaa hakimbii."

Asubuhi nikamwambia babu. "Shikamoo babu. Ijumaa naongea shuleni, Siku ya Mashujaa. Na wewe ulikwenda Vita vya Kagera. Njoo ukae mbele, wanafunzi wakuone, na medali yako uvae."

Babu hakujibu. Alimaliza kumenya karanga zake, akanyanyuka, akaenda zizini. Nikadhani hajasikia. Jioni nikarudia. Akaniambia, "Soma hiyo hotuba yako nisikie."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "Shujaa hakimbii" akanyoosha mkono kama mtu anayesimamisha basi.

"Basi mimi siji, mjukuu wangu. Mimi nilikimbia."

Wadau, mimi nina miaka 22, na miaka yote hiyo nimejua kwamba babu yangu ni askari wa Kagera. Nilikuwa natambia wenzangu shule ya msingi. Medali yake sikuwahi kuiona imevaliwa, inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vifungo na sindano za bibi. Nilidhani ni unyenyekevu wa wazee. Kumbe mzee anaona aibu. Miaka 46 mtu anaona aibu!

Tukakaa mpaka usiku mnene. Alichonisimulia ni kifupi sana, yeye si mtu wa maneno. Alikuwa kijana wa mgambo. Uganda ilipovamia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, wakaitwa. Treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba. Mafunzo, kisha mbele. Na mahali alipokimbia panaitwa Lukaya.

Niliporudi mjini mwisho wa wiki nikaingia maktaba, maana mimi ni mtu wa kutaka ushahidi (na mzee anaweza kuchanganya mambo). Nikasoma nilichopata kuhusu Lukaya. Naomba niwasimulie taratibu, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Lukaya ni mji mdogo Uganda, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala. Ukipita hapo barabara inaingia kwenye bwawa kubwa la mafunjo, inapita juu ya tuta kwa kilomita kama 25. Nje ya tuta ni matope. Anayeshika tuta ameshika njia ya Kampala. Masaka ilikuwa imeshachukuliwa na jeshi letu Februari 1979. Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201, chini ya Brigedia Imran Kombe, ikawekwa Lukaya kulinda mlango wa tuta. Brigedi hiyo karibu yote ilikuwa mgambo. Wengi wao siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kupigana.

Sasa upande wa pili, Gaddafi alikuwa amempelekea Idi Amin askari, vifaru vya T-55 na mitambo ya kurusha maroketi. Wakapanga kurudisha Masaka. Njia yao ni hiyo hiyo moja. Jioni ile wakafika Lukaya na kufyatua maroketi.

Maroketi yenyewe mengi yalipita juu ya vichwa vya watu wetu yakaangukia mbali. Lakini ule mlio! Babu alisema hajui kuueleza, akajaribu kwa mdomo akashindwa, akaishia kusema "kama mbingu inachanwa kama kanga". Vijana waliokuwa wakulima miezi minne iliyopita wakavunja mstari na kukimbilia kwenye bwawa. Brigedi ikasambaratika. Lukaya ikaondoka mikononi mwetu.

Hapo ndipo babu yangu anapoishia akisimulia. Kwake stori imekwisha: alisikia mlio, akakimbia, akalala usiku kwenye mafunjo maji yakiwa kiunoni, mwisho.

Lakini vita haikuishia hapo, na usiku ule ndio unaonifanya niandike leo.

Kamanda wa Divisheni ya 20 alikuwa Meja Jenerali David Musuguri. Mzaliwa wa Butiama, alizaliwa 1920, akaingia jeshi la KAR 1942, akapigana Madagaska wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hesabu mwenyewe: 1979 alikuwa na miaka 59 ya kuishi na 37 tangu avae magwanda kwa mara ya kwanza. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshtua kwa habari kwamba binadamu ameogopa. Taarifa ikaja kwamba 201 imevunjika. Kulikuwa na mambo mengi ya kufanya na mengi yangekuwa mabaya: kuwakasirikia, kurudi nyuma mpaka Masaka, kupeleka watu wengine wakafie kwenye tuta lile lile. Kilichofanyika ni hiki. Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ilikuwa kilomita 60 hivi kaskazini magharibi. Ikaamriwa igeuze, izunguke usiku kucha, ikatokee barabarani nyuma ya adui na kumkatia njia ya Kampala. Na 201, ile ile iliyokimbia, ikaamriwa ijikusanye tena. Kesho alfajiri ndiyo itakayopiga kutoka mbele.

Rudieni sentensi hiyo ya mwisho. Waliokimbia jana ndio watakaopiga mbele kesho.

Alfajiri ya tarehe 11 Machi 208 ilikuwa imefika. Brigedi mbili zikapiga kwa pamoja, moja mbele na moja nyuma. Walibya na askari wa Amin wakashindwa kusimama. Baada ya mapigano watu wetu walihesabu maiti za adui zaidi ya 400, kama nusu yao Walibya. Ndiyo yalikuwa mapigano makubwa kuliko yote ya vita ile, na mwezi mmoja kamili baadaye, 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi toka 1980 hadi 1988. Askari walimwita Jenerali Mutukula. Akapata nishani, na Uganda nayo baadaye ikampa nishani ya Kagera. Akafariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Kombe yeye ukimtaja leo watu wanakumbuka namna alivyokufa, alivyopigwa risasi na polisi mkoani Kilimanjaro mwaka 1996, wala hawakumbuki kwamba aliwahi kuiokota brigedi iliyotawanyika gizani. Marwa nadhani wengi wenu hapa ndiyo mara ya kwanza mnamsikia. Wala msione haya, na mimi nilikuwa hivyo hivyo, na ninasomea kufundisha Historia.

Sasa maoni yangu, maana hii shajara si kitabu cha kiada.

Sisi tumefundishwa ushujaa wa aina moja tu. Isike na baruti yake. Mtu mmoja, kifua mbele, mwisho mkubwa. Sisemi ule si ushujaa, Mungu anisamehe nikiusema vibaya, na Wanyanyembe wenzangu watanifukuza. Ila huo ni ushujaa wa mtu ambaye hana tena kesho. Ofisa wa jeshi la miguu aliye katikati ya vita ana kazi nyingine. Ana watu. Watu wake wanaogopa. Watakimbia, si wote, si siku zote, lakini ipo siku. Ushujaa wake unapimwa saa ile: akiona migongo ya watu wake inaishia kwenye mafunjo, anafanya nini?

Na ukitaka kuona kwamba kifua mbele peke yake hakitoshi, tazama upande wa pili wa Lukaya ile ile. Waganda waliongozwa na Luteni Kanali Godwin Sule. Huyu hakuwa mwoga hata kidogo, alikuwa mbele na watu wake, na akafia hapo hapo. Inasemekana alikanyagwa kwa bahati mbaya na kifaru cha kwao kilichokuwa kinarudi nyuma. Alipoanguka, uongozi wao ukaanguka pamoja naye. Ushujaa wao wote walikuwa wameuweka kwenye mtu mmoja. Kwa upande wetu waliokimbia walikuwa na mahali pa kurudi, kwa sababu kulikuwa na mtu bado anawasubiri na kazi mkononi.

Nilimuuliza babu, ilikuwaje mkatoka bwawani? Hapo ndipo alipozungumza kidogo. Alisema usiku walimsikia ofisa mmoja kijana, luteni, jina hakumbuki au hakulijua kamwe, anatembea pembeni ya maji. Hakuwa anafoka. Alikuwa anaita polepole kama mtu anayeita mbuzi wake, anataja kombania, kisha ananyamaza, kisha anataja tena. Babu alisema, "Tulidhani anatafuta watu wa kuwapiga risasi. Tukakaa kimya." Yule luteni akasema gizani, bila kumwona mtu, "Bunduki zenu zikiloa mtazifuta. Njooni, tunahesabiana." Mmoja akatoka. Halafu wa pili. Babu alikuwa kama wa sita au wa saba.

"Na alfajiri?" nikauliza.

"Alfajiri tukaenda."

"Mkaenda wapi babu?"

"Kule kule."

Yaani anasema "kule kule" kama mtu anayeeleza alirudi sokoni kuchukua kibiriti alichosahau! Nikamwambia, babu, sasa hiyo ndiyo stori yenyewe. Jumamosi ulikimbia, Jumapili ulirudi. (Nimehakikisha kwenye kalenda, 10 Machi 1979 ilikuwa Jumamosi.) Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Ya Jumapili tulikuwa wengi. Ya Jumamosi nilikuwa mimi."

Mnaona ilivyo? Hata yeye amejifundisha hesabu ile ile mbovu. Woga ni wa kwake peke yake, kurudi ni kwa jeshi zima.

Rumeti wangu nilipomsimulia haya alinijia juu. Anasema mimi nataka kuwapa medali waliokimbia, kwamba jeshi si chama cha kuweka na kukopa, ukiwachekea wakimbizi kesho hakuna atakayesimama. Hoja yake ina uzito na sitaki kuipuuza. Jeshi bila nidhamu ni kundi la watu wenye bunduki, na tunayajua makundi hayo hapa Afrika yalivyofanya, pamoja na hilo la Amin lenyewe. Lakini nidhamu ya Lukaya haikuwa ya kuchekeana. Adhabu gani kubwa kuliko kuambiwa rudi pale pale uliposhindwa, tena wewe utangulie? Tofauti ni kwamba amri ile ilikuwa na imani ndani yake. Inamwambia kijana: wewe bado ni askari wangu. Ukimwambia mtu kwamba ameshakuwa mwoga, umemmaliza, hana sababu ya kutoka majini.

Na rumeti aliniuliza lingine, gumu zaidi: kama vijana walikuwa hawajawahi kupigana, ni nani aliyewaweka mdomoni mwa tuta? Hapo sina majibu mazuri. Jeshi lilikuwa limepanuka kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, na kama 40,000 kati yao walikuwa mgambo. Hakukuwa na askari wazoefu wa kutosha kila mahali. Hata hivyo makamanda ndio walioiweka brigedi ile pale, sitaki kuwapamba. Ninachosema ni kwamba walipokosea walilipa deni lao usiku ule ule, na hawakulitupa mabegani mwa kijana wa Ntalikwa. Kiongozi anayetumbukiza watu wake kwenye shida halafu anawaita waoga, huyo ndiye nisiyemtaka.

Sasa nieleze kwa nini hili limenigusa mimi binafsi. Mnisamehe, hii sehemu ni ya aibu.

Siku ya kwanza asesa alipokuja kunikagua, mimi nilikimbia. Kweli kabisa. Wanafunzi zaidi ya sabini, asesa amekaa nyuma na fomu yake, nikaandika kichwa cha somo ubaoni, nikageuka, na kila kitu kikafutika kichwani. Kila kitu! Nikasema, "Naomba dakika moja nifuate chaki." Chaki ilikuwa mkononi. Nikatoka, nikapita ofisi ya walimu, nikaenda kusimama nyuma ya choo cha walimu nikitetemeka kama nina malaria. Nikawa napanga jinsi ya kupanda bodaboda mpaka mjini na kuacha ualimu niuze vocha.

Mwalimu mwenyeji wangu, mama mmoja ambaye sitamtaja, alikuja. Nilijua nitasikia maneno. Alisimama pale, akanitazama mkono, akasema, "Chaki unayo. Darasa lako linakusubiri mwanangu. Umebakiza dakika 31." Basi. Hakusema pole, hakusema "hata mimi zamani". Alinirudisha mpaka mlangoni, na yeye hakuingia. Nikafundisha dakika 31. Vibaya, lakini nikafundisha. Alama zake hazikuwa nzuri ila sikufeli.

Yule mama angeweza kuingia darasani akafundisha yeye mbele ya asesa, na kila mtu angesema mwalimu mzuri, ameokoa kipindi. Na mimi nisingekuwa mwalimu tena. Sijui kama amewahi kusikia jina la Lukaya.

Ndiyo maana nawaandikia nyie hasa, wenzangu wa ualimu. Mwakani tutapangiwa shule huko na huko, na kila mmoja wetu atakuwa na mtoto anayekimbia. Aliyepata sifuri kwenye Hesabu akaacha kuja shule. Aliyesimama kujibu swali kwa Kiingereza, darasa likamcheka, akanyamaza mwaka mzima. Binti aliyerudi nyumbani baada ya matokeo ya kidato cha pili akaambiwa basi huna akili. Wote wako kwenye mafunjo, maji kiunoni, wanasubiri kuona anayekuja anaita au anawinda. Na sisi kila Siku ya Mashujaa tunawasimamisha juani kuwaambia shujaa hakimbii. Wanaondoka na nini? Kwamba wao tayari si mashujaa, kwa hiyo haina haja.

Na kwenye Historia yenyewe tunafundisha Kagera kama mchezo wa mpira: adui kaingia, tumempiga, tumeshinda. Sababu, matukio, matokeo, alama kumi. Jioni ile ya 10 Machi tunairuka kwa sababu inatutia aibu. Mimi naona tukiiruka tunawanyang'anya hata makamanda wetu sifa yao kubwa. Kuongoza watu wasioogopa hakuhitaji nishani. Musuguri, Kombe na Marwa waliongoza watu waliokuwa wameshavunjika, na walichofanya usiku ule hakieleweki mpaka ukubali kwanza kwamba vijana walikimbia.

Nirudi kwenye tarehe 25. Hotuba ya Isike sikuitupa. Nilianza naye, kwa heshima zote, maana ni mtemi wetu. Halafu nikawaambia kuhusu tuta, bwawa, maroketi na usiku ule. Nikaona watoto wa nyuma wanaoongeaga kila siku wamenyamaza. Nilipofika kwenye "wakakimbia" kuna mmoja wa kidato cha kwanza akauliza kwa sauti, bila kunyoosha mkono, "Wakapigwa risasi?" Nikasema hapana, wakaitwa. Nikaendelea. Zilikuwa dakika 17, mkuu wa shule alitazama saa mara nne hahaha.

Babu hakuja. Nilikuwa nimeweka kiti mbele, kikakaa kitupu, mwishowe mwalimu wa zamu akakikalia. Ningependa kuwaambia kwamba alitokea dakika ya mwisho na medali kifuani, ila hiyo ni ya kwenye filamu. Babu alikuwa shambani.

Jioni nimekaa nje, akaja na jembe lake, akaliegemeza ukutani, akaniuliza, "Uliwaambia?"

"Niliwaambia babu. Sikutaja jina lako."

"Wakasemaje?"

"Kuna mmoja aliuliza kama mlipigwa risasi."

Akacheka kidogo. "Na mimi nilidhani hivyo." Akaingia ndani kunawa. Baadaye bibi alikuwa anatafuta sindano, akafungua lile kopo la maziwa, na babu akamwambia aitoe ile medali humo, inapata kutu. Bibi akaiweka kabatini juu ya redio. Hakuna aliyesema lolote. Nilipoondoka kurudi chuo ilikuwa bado ipo pale.

Kwa hiyo wadau, kama una babu, baba mdogo au mzee jirani aliyekwenda Kagera na hapendi kusimulia, usimlazimishe. Ila ukipata nafasi muulize kuhusu kesho yake asubuhi. Na wewe uliyekamata sap mbili muhula huu ukajifungia bwenini, hebu toka huko. Bunduki ikiloa inafutwa. Tunahesabiana.

Naomba kuwasilisha. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika kuhusu foleni ya chakula kafteria, maana nayo ni vita.

Alamsiki.